Bastola ya Kila Siku

Jumanne ya kwanza baada ya shule kufungwa, Verlene Haskew, mpishi wa shule ya msingi ya Pruitt Springs, alisimama mbele ya meza ya vioo dukani kwa Gene Orcutt kuchagua bastola ya kubeba kila siku. Mwanawe Colby alikuwa pamoja naye. Colby alikuwa amekufa tangu Februari, na kwa kuwa aliuawa kwa risasi ya milimita tisa, tena ya karibu, Orcutt alifurahi kwamba amekuja. Wateja wengi huuliza habari za ukubwa wa risasi na hakuna mwenye uzoefu wa kuwajibu.

Orcutt alitandika kitambaa cha kijani juu ya kioo, akapanga bastola nne, mitutu ikielekea ukutani. Ni mtu mwenye adabu na silaha. Hakupi bastola kabla hajaifungua akaonyesha kwamba haina kitu, na ukishaipokea anakutaka uifungue tena ujionee, ingawa mmeiona wote wawili wakati huo huo. Verlene alifanya kama alivyoambiwa. Alikuwa na viganja vipana, na viungo vya vidole vilivyoanza kuvimba kwa kukoroga masufuria ya watoto wa watu.

Ya kwanza ilikuwa ya silinda, ya risasi za ukubwa wa thelathini na nane, fupi ya kuingia mfukoni. Verlene aliipenda kwa sababu baba yake alikuwa na kama hiyo. Orcutt akamkatisha tamaa. Alisema wauzaji wavivu huwapa akina mama bastola hizi kwa kuwa ni ndogo na zinapendeza, lakini bastola nyepesi ina teke la punda na triga yake ni ngumu. Risasi ya kwanza utapiga ulipokusudia, ya pili utampiga Mungu. Ya pili, ya risasi za tatu-themanini, ilikuwa laini, chuma chake cha juu kilivutika bila kupigana naye, ila Orcutt aliona ni risasi ya kumuudhi mtu tu. Zikabaki mbili, ya milimita tisa na ya arobaini na tano, na hapo wazee wa kwenye birika la kahawa wakaamka.

Kila duka la bunduki hapa kwetu lina wazee wawili kando ya birika la kahawa, mmoja mfuasi wa tisa, mwingine wa arobaini na tano, na ubishi wao ni wa Simba na Yanga: hakuna aliyewahi kuhama timu. Mzee wa arobaini na tano alisema tisa ni risasi ya mtu asiye na uhakika. Mzee wa tisa akasema arobaini na tano ni ya mtu asiyejua hesabu, maana magazini yake hubeba risasi chache. Kisha, kwa heshima, wakamgeukia Colby.

“Tisa inatosha,” Colby alisema.

Orcutt alimwomba ruhusa, akachukua kurunzi ndogo na kummulika lile tundu lililo chini ya mfupa wa bega. Mwanga ukatokea mgongoni na kutua juu ya maboksi ya risasi ukutani. Orcutt akasema ilikuwa risasi ya kichwa chenye tundu, ile inayotakiwa kuchanua ikiingia mwilini, ila haikuchanua vizuri; ingechanua, ingebaki ndani. Colby akasema hilo hakuliona, isipokuwa upepo wa kaskazini ukivuma anasikia baridi pande zote mbili. Mzee wa arobaini na tano alidai huo ndio ushahidi wake. Mzee wa tisa akamuuliza kama kijana amekufa au hakufa. Wakaendelea.

Verlene aliitazama ile duara ndogo ya mwanga juu ya maboksi, akamchukia Royce Upchurch upya, kwa utulivu, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye chungu.

“Nipe tisa,” alisema.

Royce Upchurch alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mkuu wa kikosi cha ulinzi cha kanisa, maana yake alikaa benchi la nyuma na bastola chini ya koti wakati wengine wamefumba macho. Alibeba kila siku. Alibeba kwenye harusi, alibeba kwa daktari wa meno. Februari, penye duka la vyakula vya mifugo, aliegesha pikapu yake nyuma ya gari la Colby akaingia kununua chumvi ya ng'ombe. Alipotoka, Colby alikuwa amesimama na gunia zito la chakula cha mbwa begani. Akamwambia, “Mzee, sogeza gari, gunia hili linaniua.” Royce alisikia neno la kuua na hakungoja kujua ni nani anamuua nani.

Mahakamani Colby alifika mwenyewe. Alivaa shati safi, akakaa karibu na mama yake, na alipopewa nafasi alisimulia habari ya gunia. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba sheria ya jimbo letu haiulizi aliyepigwa alikuwa na nini mkononi. Inauliza aliyepiga alikuwa na nini moyoni. Royce alikuwa na hofu moyoni. Alisema hivyo, na hakuna wa kumpasua mtu akatazama. Aliachiwa kabla ya chakula cha mchana, na Jumapili alikuwa benchi lake la nyuma. Hiyo ndiyo sheria, na ukikaa huku unaizoea kama unavyozoea kupe wakati wa joto. Verlene hakuizoea. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku hizi leseni si lazima kwetu. Mtu mzima yeyote anaweza kuficha bastola kiunoni akaenda zake. Lakini Verlene alijiandikisha kwenye darasa la Jumamosi ambalo Orcutt hufundisha katika ukumbi wa zimamoto, kwa sababu alitaka kujua Royce alifundishwa nini. Asubuhi walipiga shabaha nyuma ya jengo. Verlene alipiga vizuri kupita wanaume kadhaa. Mikono iliyonyanyua sufuria za maharage haishtushwi na teke la milimita tisa, na kitu kingine ni kwamba hakuwa na hofu. Tangu Februari hofu ilikuwa imemtoka yote, hata ya nyoka, hata ya kimbunga. King'ora kilipolia Aprili na sisi sote tukashuka kwenye vyumba vya chini, yeye alibaki barazani akimenya viazi.

Baada ya chakula Orcutt aliwafundisha ile sentensi. Alisema siku ikitokea, Mungu apishe mbali, sherifu atafika na atauliza maswali, na mtu aliyetoka kupiga risasi huropoka. Usiropoke. Sema sentensi moja, halafu omba wakili. Akawaagiza waiseme kwa pamoja, kama watoto wanavyosema sala.

“Nilihofia maisha yangu,” darasa zima lilisema.

Walirudia mpaka ikawatoka bila kufikiri. Orcutt alipita kati ya viti akisikiliza mmoja mmoja, na alipofika kwa Verlene alimwambia atie moyo kidogo, anaisema kama anayesoma bei ya nyanya. Colby, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mabomba ya zimamoto, akanyosha mkono na kuuliza yule aliyepigwa yeye aseme nini. Orcutt alikuwa mtu mkweli. Alifikiri, akafunua kitabu chake, akasema hakuna kitu kilichoandikwa.

Ilifuata kazi ya kuizoea. Orcutt alikuwa amemkataza kabisa kuiweka kwenye mkoba, maana mkoba huibwa, husahaulika chini ya kiti, na ukiuhitaji unakuta umeshika pakiti ya ubani wa kutafuna. Kiunoni, alimwambia, na kila siku. “Bastola si nguo ya Pasaka, Bi Verlene. Ukianza kuivaa, umeivaa.” Verlene alinunua mkanda mpana wa kuvutika na ala ngumu ya bastola, akajifunza kuinama kwa magoti badala ya kiuno, akajifunza kuketi bila mpini kumchoma mbavu. Tatizo likawa moja linalomsumbua kila mbebaji: bastola kujichora. Unaweza kuificha utakavyo, ukijinyosha kuchukua mtungi rafuni, kitambaa kinabana na umbo lake lote linatokea, mpini na pembe. Sisi tunaona aibu mtu akijichora kama vile tunavyoona aibu mtu akiacha zipu wazi.

Colby ndiye aliyemsaidia. Kila asubuhi alikuja saa ya kahawa, akamzunguka mama yake jikoni akimkagua.

“Inajichora, Mama. Upande wa mgongo.”

“Na hivi?”

“Sasa unafanana na mtu aliyeiba mkate.”

Verlene alicheka mpaka akashika meza. Alijaribu sweta, alijaribu blauzi ya maua, alijaribu shati la marehemu mume wake. Zilikuwa asubuhi nzuri, na ni haki kulisema hilo. Alikuwa na mwanawe jikoni, alikuwa na tisa kiunoni, na alikuwa na mtu wa kumuua.

Mtu huyo alikula chakula cha asubuhi kwenye mkahawa wa barabara kuu, na Verlene akaanza kula huko pia, meza ya pili kutoka kwake. Mhudumu alikuwa Brenna, msichana ambaye angeolewa na Colby Juni ile. Brenna aliwahudumia wote wawili kwa sababu kazi ni kazi, ila kikombe cha Royce hakukijaza tena mpaka aombe. Verlene alikunywa kahawa na kumsoma Royce kama mtu anavyosoma kitabu cha mapishi. Alijua anaweka mchuzi mweupe juu ya mayai kwanza, kisha juu ya mkate. Alijua anabeba upande wa kulia, kidogo nyuma ya nyonga. Alijua funguo za pikapu anaziweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, na kwamba kila akisimama mkono unaenda huko kabla hajafikiri.

Siku moja Royce alinyanyuka na kusimama mezani kwake, kofia mkononi.

“Bi Verlene,” alisema kwa sauti ya chini, “samahani. Unajichora.”

Verlene alijitazama. Sweta lilikuwa limekwama juu ya mpini. Akalishusha.

“Asante, Ndugu Royce.”

“Si kitu. Mtu ni vizuri aambiwe na mwenzake. Ni ngapi?”

“Tisa,” Verlene alisema. “Kama yako.”

Royce aliitikia kwa kichwa, akasema ni chaguo zuri kwa kila siku, akavaa kofia na kwenda zake. Pale kaunta Brenna alimwaga kahawa. Habari zilienea mji mzima kabla ya jioni, na watu walikubaliana kwamba Royce alikuwa muungwana.

Jioni hiyo Verlene hakula. Alikaa barazani akimfikiria Royce: namna alivyoshika kofia, namna alivyosema mwenzake. Alilala akimfikiria, akaamka akimfikiria. Asubuhi aliandaa kahawa mbili na Colby hakuja mpaka mkate ulipopoa. Wiki iliyofuata alikuja siku moja moja, mara nyingine akiwa amesimama mlangoni tu, akihema kama mtu aliyetoka mbali. Verlene alimuuliza kama ni lile tundu linamsumbua. Colby akasema hapana.

“Wafu huenda wanapowazwa, Mama. Ndiyo njia yetu. Zamani kuja hapa ilikuwa kuteremka tu. Siku hizi ni kupanda.”

“Mimi nakuwaza kila saa.”

“Unamuwaza yeye. Kichwani mwako amekaa yeye, kwenye kiti kizuri, na mimi nimesimama.”

Verlene aliweka birika chini. Alisema yote hayo anayafanya kwa ajili yake. Colby alisema anajua, na anashukuru, lakini hajamwomba. Kisha akasema angependa yale mayai yasiyoiva sana, kama bado yapo, na Verlene akamkaangia. Alikula akiwa wima.

Mtu mwingine angeivua ile bastola siku hiyo akaitia kwenye droo, akakaa na mwanawe. Verlene alikuwa mpishi, na mpishi akikuta kitu kimeganda chunguni hakizoei, anakikwangua. Hesabu yake ilikuwa hivi: Royce yuko kichwani kwa sababu bado yu hai. Akimmaliza, hatakuwa na haja ya kumuwaza, kiti kitakuwa wazi, na Colby atateremka tena kila asubuhi kama zamani. Hakuona kosa lolote katika hesabu hiyo, na tuseme kweli, hata sisi tungeulizwa tusingeliona.

Jumatano jioni kanisani kwetu huwa na chakula cha pamoja kabla ya maombi, kila nyumba inaleta chombo chake. Verlene alileta viazi vya jibini. Aliviweka mezani penye vyakula vya moto, akashika kijiko cha kupakulia na kukilaza pembeni, akatoka kwenye uwanja wa magari ambako Royce hupita kukagua milango jua likiwa bado juu ya vilima. Alimkuta kando ya pikapu.

“Ndugu Royce.”

Royce aligeuka. Alimtazama kuanzia mabegani mpaka viatuni kwa jicho la mtu mwenye ujuzi.

“Leo hujichori hata kidogo, Bi Verlene,” alisema. “Umejifunza.”

“Nilikuwa na mwalimu.”

Wakatazamana. Royce alikuwa mtu mwoga, tangu shule alikuwa mwoga, na woga wake ndio uliomfanya anunue bastola ya kwanza na ya pili na zote zilizofuata. Sasa ulimpanda usoni wote. Verlene hakuwa na hata chembe. Royce alitaka kuondoka, hilo tu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto.

“Ni funguo tu,” alisema.

Verlene alijua ni funguo. Alimpiga mbili kifuani, zikakaa jirani jirani kama macho. Royce aliketi chini penye gurudumu, akazitoa funguo apate kuzionyesha, akafa ameziinua. Verlene alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri sana, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana baada ya zamu ndefu, na alitamani Royce angekuwa mkubwa zaidi ili kazi isiishe upesi hivyo.

Sherifu Teague alikuja na kuvua kofia. Alikuwa amesoma darasa moja na Royce. Alizitazama funguo, akamtazama Verlene, akamuuliza kilichotokea.

“Nilihofia maisha yangu,” Verlene alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nyanya.

Sherifu alisubiri kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akaandika.

Kesi ilisikilizwa majani yalipoanza kubadilika rangi, mbele ya jaji yule yule. Royce alifika mwenyewe akiwa na koti lake la shemasi. Gene Orcutt, aliyekuwa kwenye viti vya nyuma, aliyaona yale matundu mawili yalivyokaribiana, akamgusa jirani yake kwa kiwiko. Mwalimu hawezi kujizuia. Royce aliambiwa aseme. Akasema zilikuwa funguo, na kwamba mwanamke yule hakuwa na hofu, kwa sababu yeye anaijua hofu na angeitambua. Jaji alimshukuru kwa kuja. Alimkumbusha kwamba sheria ya jimbo letu inauliza swali moja, na haimuulizi yeye. Royce hakubisha. Alikuwa ameshafaidika na swali hilo hilo, naye hakuwa mtu wa kukosa shukrani.

Jaji akamgeukia Verlene. Alikuwa na uwezo wa kusema chochote. Angeweza kusema kwamba sheria hiyo ni ya majambazi, kwamba yeye na Royce wote ni wauaji na jaji ndiye aliyewafungulia mlango, na ukumbi ungemsikiliza, maana alikuwa akiwapikia watoto wetu. Lakini alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Alisema ile sentensi, wakamwachia kabla ya chakula cha mchana, na sheria ikabaki pale ilipo, salama, ikingoja mwingine mwenye hofu.

Verlene alikaanga kuku. Aliponda viazi, akachoma mikate midogo ya siagi, akafungua mtungi wa mapichi aliyokuwa ameyahifadhi kwa ajili ya harusi. Alipanga sahani mbili, akaketi kumsubiri mwanawe. Alisikia miguu barazani. Ilikuwa mizito kuliko ya Colby, na kabla ya kuingia ilijifuta kwenye mkeka.

Royce Upchurch alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Umekosea nyumba,” Verlene alisema.

“Natamani ingekuwa hivyo,” Royce alisema. “Nilianza kwangu. Mke wangu yuko Florida na mwanamume mwingine, nilimpita akilini siku ya mazishi basi. Kanisani wameshapata mtu wa benchi la nyuma. Wewe unaniwaza toka unafumbua macho, Bi Verlene. Kuja huku ni barabara ya lami.”

Akaketi penye sahani ya pili. Verlene alichomoa bastola, akampiga pale pale alipokuwa. Risasi ilipita na kuingia ukutani. Royce alisogeza sahani isiingie vumbi, akaomba chumvi.

Tangu siku hiyo anakuja asubuhi na jioni, na kati ya hapo humfuata Verlene anakokwenda, kwa sababu Verlene hamwachi. Siku zingine humpiga tena, hasa akitafuna kwa sauti. Jirani alilalamika juu ya kelele na sherifu akaja, akakagua ukuta wa jikoni, akamwomba tu apige kuelekea upande wa malisho. Orcutt alimshauri atumie risasi zenye kasi ndogo, zisizotoboa sana mbao. Verlene ameshanunua ndoo ya lipu. Chuki yake haijapungua hata kwa kijiko kimoja; anasema angemuua tena, naye humuua tena, na kila akimuua anamuwaza zaidi.

Kuhusu Colby hakuuliza kwa muda mrefu. Mwishowe, jioni moja wakila supu, alimuuliza Royce kama huko anakopita amemwona.

“Yuko kwa yule msichana wa mkahawa,” Royce alisema. “Huyo anamuwaza yeye tu. Mimi hata kahawa yangu hanikumbuki.”

Verlene alichukua ufunguo wa gari. Royce akapanda upande wa pili. Waliendesha mpaka nyumba ndogo ya Brenna kwenye njia ya kinu, wakasimama ng'ambo, taa za gari zimezimwa. Dirisha la jikoni halikuwa na pazia. Colby alikuwa akiosha vyombo, mikono ya shati imekunjwa, na Brenna akivikausha na kuviweka rafuni. Walikuwa wakizungumza. Brenna alisema jambo, Colby akacheka kichwa kikienda nyuma, na mwanga wa jikoni ulipita kwenye lile tundu lake ukatua ukutani, wala hawakuujali.

Verlene alifumba macho. Alimuwaza mwanawe kwa nguvu zake zote: jino lake la kwanza kung'oka, homa ya masikio, sauti yake ilivyovunjika siku ya kwaya, namna anavyopenda mayai. Alipofumbua, Colby alikuwa ameacha sahani kwenye maji. Alikuwa ameinua kichwa na kutazama barabarani, kama mtu anayedhani ameitwa jina. Alikausha mikono. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Royce akakohoa.

Verlene aligeuka kumtazama, yeye na koti lake, na chuki ikampanda mpaka kooni, tamu na kamili. Alipogeukia tena dirisha, Colby alikuwa amerudi kwenye sahani. Akawasha gari, na Royce akafunga mkanda.